Kipande Kimerudi, Siku Hizi Kinaitwa Visa

Wasee, leo hakuna vichekesho. Leo nina hasira na nataka kuitoa pole pole, hatua kwa hatua, ndio mtu asiseme napiga kelele tu.

Kuna wanawake wawili wanafanya kazi kwenye nyumba moja ya kutunza wazee, kaskazini mwa Uingereza. Shifti moja, sare moja, wazee wale wale wa kuoshwa, kulishwa na kugeuzwa kitandani saa nane usiku. Mmoja ametoka Bulgaria. Mwingine ametoka Kakamega, na ni dadangu. Kwa karatasi, pesa ya saa moja ni ile ile kwa wote wawili.

Mwaka jana bosi wao akaanza michezo. Akakata masaa. Akasema siku za mafunzo hazilipwi. Akasema ukichelewa dakika kumi unakatwa nusu saa. Yule Mbulgaria alimsikiza, akavua sare, na wiki mbili baadaye alikuwa na kazi ingine upande ule mwingine wa mji. Dadangu alimeza mate akaendelea kugeuza wazee.

Na dadangu si mwoga. Huyu ni mtu aliwahi kusimamisha matatu nzima juu ya chenji ya shilingi kumi. Kilichomnyamazisha ni sheria. Visa yake imefungwa kwa mwajiri. Ni mwajiri aliye na leseni ya kuajiri wageni, ni mwajiri aliyempa cheti cha udhamini. Akitoka pale, kwa kawaida anapewa siku 60 apate mwajiri mwingine aliye na leseni kama hiyo, ama afunge mizigo. Siku 60, kwa nchi ya watu, ukiwa na kodi ya nyumba ya kulipa na deni la ejenti linakungoja huku nyumbani.

Bosi anajua hivyo. Hahitaji kumtisha. Kalenda inamtishia.

Sasa, mlisoma historia. Hata sisi tulioacha chuo tulimaliza shule ya msingi. Mnakumbuka kipande? Sheria ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika sawasawa baada ya vita ya kwanza ya dunia. Kila mwanaume Mwafrika aliyefika miaka 16 alitakiwa kubeba karatasi yenye alama za vidole, ndani ya kikopo cha chuma, wengi wakikivaa shingoni kama kengele ya mbuzi. Ile karatasi iliandikwa jina la mwajiri, mshahara, na siku ya kuachishwa kazi. Ukitoka shambani kwa mzungu bila yeye kutia sahihi, wewe ni mhalifu. Polisi wanakutafuta na kukurudisha.

Kazi ya kipande haikuwa tu kuhesabu watu. Kilishikilia mshahara chini. Mfanyakazi asiyeweza kuondoka hawezi kubishana. Mwaka 1921 masetla walipokata mishahara kwa theluthi moja, watu wangeenda wapi? Ndio maana Harry Thuku alipata wafuasi wengi hivyo, na ndio maana watu walipigwa risasi Nairobi mwezi wa Machi 1922 wakidai aachiliwe.

Karne moja imepita. Kikopo cha chuma hakuna. Kuna barua pepe na nambari ya visa. Lakini niambie tofauti ni gani kwa upande wa kubishana na bosi.

Najua kuna mtu ashaanza kusema, "Buda, hiyo ni ubaguzi tu, yule Mbulgaria ni mzungu." Ningependa iwe rahisi hivyo. Sio.

Yule yule Mbulgaria, nimeambiwa na dadangu, aliingia Uingereza mara ya kwanza akiwa mchumaji wa stroberi. Nchi yake ilijiunga na Umoja wa Ulaya tarehe 1 Januari 2007, pamoja na Romania. Kwa vitabu alikuwa raia wa Ulaya kama Mjerumani. Kwa vitendo, nchi tajiri ziliruhusiwa kumfungia mlango wa kazi hadi miaka saba. Uingereza ilitumia yote saba. Kuanzia 2008 mpango wa vibarua wa msimu mashambani ulitengewa Wabulgaria na Waromania peke yao, na ulikuwa wa kadi: shamba hili, muda huu, kisha urudi kwenu. Rangi yake ilikuwa nyeupe tu vile ilivyo leo. Haikumsaidia.

Mbona walimwogopa? Pesa. Mwaka 2007 mshahara wa chini kabisa Bulgaria ulikuwa leva 180 kwa mwezi, karibu euro 92. Mwisho wa mwaka huo huo, mshahara wa chini Uingereza ulikuwa pauni 5.52 kwa saa moja. Piga hesabu. Pesa ya mwezi mzima Sofia ilikuwa inapatikana kwa chini ya siku mbili za kazi Uingereza. Mtu yeyote angepanda basi. Mimi ningepanda juu ya basi.

Na walikuwa washashtuka. Mwaka 2004 nchi kumi ziliingia Umoja wa Ulaya kwa mpigo, Poland ikiwa kubwa kuliko zote. Uingereza, Ireland na Sweden zilifungua mlango wa kazi siku ile ile. Ujerumani na Austria zilifunga mpaka Mei 2011. Wataalamu wa serikali ya Uingereza walikuwa wamekadiria watu 5,000 mpaka 13,000 kwa mwaka. Sensa ya 2011 ilipofanywa, waliozaliwa Poland na wanaoishi Uingereza na Wales walikuwa zaidi ya laki tano. Kwa hivyo 2007 walisema hapana, hawa wengine wangoje.

Halafu ikafika 1 Januari 2014, siku ya kufungua. Magazeti yalikuwa yamepiga kelele mwaka mzima ati mafuriko yanakuja. Wabunge wawili walienda uwanja wa ndege wa Luton kupokea ndege kutoka Romania, kamera zote ziko tayari. Abiria wakashuka. Wengi wao walikuwa washakuwa na kazi Uingereza, walikuwa wanarudi tu kutoka likizo ya Krismasi. Mafuriko yenyewe yalikuwa watu wamebeba masanduku wakitafuta mlango wa kutokea.

Kitu kilichobadilika siku hiyo si idadi. Kilichobadilika ni kwamba mwanamke aliyekuwa amefungwa kwa shamba moja aliweza kumwambia mwenye shamba, "Nimeenda." Kamba ilikatwa. Baadaye Brexit ilipokuja, na uhuru wa kuingia ukaisha 31 Desemba 2020, yeye alikuwa ashakaa miaka ya kutosha kupewa haki ya kubaki. Ndio maana leo anaweza kuvua sare na dadangu hawezi. Hawakutofautishwa na bidii wala Kiingereza. Dadangu anaongea Kiingereza kumshinda mbali.

Sasa tuingie kwa hoja kubwa, ile ambayo kila mwanasiasa wa Ulaya anaimba: "Wageni wanashusha mishahara ya wenyeji." Hii hoja si ya kutupa ovyo, kwa sababu wenye kuiamini wengi ni watu maskini wa huko, watu kama mathe wangu wa rangi ingine. Lakini angalia ushahidi. Kamati ya serikali ya Uingereza yenyewe inayoshauri mambo ya uhamiaji ilitoa ripoti 2018. Ilisema wafanyakazi kutoka Ulaya hawakuwa na athari kubwa kwa mishahara ya waliozaliwa pale. Kulikuwa na dalili za kuwabana kidogo wale wa mishahara ya chini kabisa. Kidogo. Sio ile balaa unayoskia.

Na pale inapobana, tafuta kamba. Nenda Ujerumani, mji unaitwa Rheda-Wiedenbrück, kiwanda cha nyama. Juni 2020 wafanyakazi zaidi ya 1,500 walipatikana na korona kwa kiwanda kimoja. Ndio nchi ikagundua kitu ambacho kila mtu alikuwa anajua: wengi wa waliokuwa wanakata ile nyama walitoka Romania na Bulgaria, hawakuandikwa na kiwanda, waliandikwa na mawakala, na wengine walikuwa wamejazwa kwa vyumba ambavyo wakala huyo huyo aliwakodishia. Hawa walikuwa raia wa Ulaya, wenye uhuru wote wa karatasi. Lakini kazi, kitanda na usafiri vyote viko kwa mkono wa mtu mmoja. Hiyo ni kamba. Unaweza kumfunga mtu hata bila visa.

Unajua Ujerumani ilifanya nini? Haikufukuza Waromania. Kuanzia Januari 2021 ilipiga marufuku viwanda vya nyama kutumia mawakala kwenye kuchinja na kukata. Ukitaka mtu akate nyama yako, mwandike wewe, umlipe wewe. Miezi mitano kabla, sheria mpya ya Ulaya kuhusu wafanyakazi wanaotumwa nchi ingine ilikuwa imeanza kufanya kazi, na kiini chake ni sentensi moja: kazi sawa, mahali pamoja, malipo sawa. Hiyo ndio dawa ya kushushwa kwa mishahara. Kama mgeni hawezi kulipwa chini na hawezi kufungwa, bosi hana sababu ya kumtumia kama rungu la kumpigia mwenyeji.

Lakini dawa hiyo Ulaya imejipatia yenyewe. Sisi wengine tumepewa kitu kingine, kinaitwa kiwango cha mshahara.

Sikiza vile inafanya kazi. Uingereza inasema, ukitaka visa ya mfanyakazi mwenye ujuzi, lazima kazi yako ilipe kiasi fulani. Mwanzo wa 2024 ilikuwa pauni 26,200 kwa mwaka. Aprili 2024 ikaruka hadi 38,700. Julai 2025 ikawa 41,700. Inaskika haki, si ndio? Tunachukua wenye thamani. Ila mshahara haupimi thamani. Unapima nani ana nguvu ya kudai. Wanaoosha wazee wanalipwa kidogo kwa sababu wengi wao ni wanawake, wengi ni wageni, na serikali haitaki kutoa pesa zaidi kwa halmashauri. Halafu serikali hiyo hiyo inageuka inasema, "Kazi yako inalipa kidogo, kwa hivyo wewe ni wa ujuzi mdogo." Nani aliiweka hiyo bei?

Kwa watunzaji wazee walikuwa na mlango wao wa kando, kwa sababu wazee walikuwa wanakosa mtu wa kuwageuza. Mlango ulifunguliwa Februari 2022. Kuanzia 11 Machi 2024 wakasema mtunzaji mpya haruhusiwi kuja na mtoto wala mume. Julai 2025 wakafunga kabisa kuajiri watunzaji wapya kutoka nje. Dadangu alisafiri Mei 2024. Miezi miwili baada ya ile sheria ya watoto. Kijana wake alikuwa na miaka minne.

Huyo kijana analala chumba changu. Nitarudi kwake.

Mtu mwingine atasema, "Lakini kila nchi ina haki ya kulinda mpaka wake." Sawa. Sibishani na hiyo. Nabishana na yule anayesema sheria za mpaka ni kama mvua, zinanyesha tu, hakuna aliyezituma. Urusi ilivamia Ukraine 24 Februari 2022. Tarehe 4 Machi, siku nane tu, Umoja wa Ulaya ulikuwa umewasha sheria ya ulinzi wa muda iliyokuwa imelala kabatini tangu 2001. Mukraine akapewa haki ya kukaa, ya shule, na ya kufanya kazi na mwajiri yeyote. Mamilioni ya watu. Na walistahili, msinielewe vibaya, watu walikuwa wanakimbia mabomu. Nasema tu: kumbe inawezekana. Kumbe kalamu inaandika haraka ikitaka. Wale wote walioambiwa miaka yote "haiwezekani, mfumo hauruhusu" walidanganywa.

Na kabla mnipigie makofi kwa kuwachapa wazungu, wacha nigeuze kiboko.

Septemba 2024 Kenya ilisaini mkataba wa uhamiaji na Ujerumani kule Berlin. Ndani ya siku moja mtandao wote ulikuwa unaimba nafasi 250,000 za kazi. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ikatoka ikasema hakuna idadi yoyote kwenye huo mkataba. Hakuna nambari. Lakini ejenti wa mtaa wetu alikuwa ashachapisha mabango. Viongozi wetu wanatuuza kama parachichi, ati "tuna vijana wengi, wasomi, wachapakazi", na sijaskia hata mmoja akisimama kuuliza: huyu kijana akifika huko, anaweza kubadilisha bosi? Hilo ndilo swali la kwanza. Si nafasi ngapi. Ni kamba ina urefu gani.

Na sisi wenyewe je? Itifaki ya soko la pamoja la Afrika Mashariki ilianza Julai 2010, inasema wafanyakazi wavuke mipaka kwa uhuru. Mwaka 2025 Tanzania ilipopiga marufuku wageni kwenye biashara ndogo kumi na tano, Wakenya tulilia mpaka sauti ikakauka. Tulikuwa na haki ya kulia. Lakini sikia vile tunaongea juu ya Mrundi anayeuza njugu karanga Nairobi. "Hawa watu wanaharibu bei." Hiyo sentensi umeiskia wapi? Ni ile ile ya Luton. Tumeibadilisha lugha tu.

Kuna jambo moja la Bulgaria linaniumiza kichwa, na sitalificha kwa sababu linaharibu hoja yangu kidogo. Ile nchi ilikuwa na karibu watu milioni tisa mwisho wa miaka ya themanini. Sensa ya 2021 ilipata milioni sita na nusu. Sio wote walioondoka, watoto pia wanazaliwa wachache, lakini kuna vijiji vimebaki na wazee na mbwa. Wanaowatunza wazee wa Uingereza wana wazee wao wasio na mtunzaji. Kwa hivyo mlango wazi una bei, na anayeilipa ni aliyebaki.

Lakini tazama upande mwingine wa hiyo hesabu. Ule mshahara wa chini wa euro 92 ulikuwa umefika euro 551 kufikia Januari 2025. Bado ni mdogo kuliko wote kwenye Umoja wa Ulaya. Luxembourg ilikuwa 2,638. Hata ukitoa tofauti ya bei ya mkate na nyumba, pengo linapungua sana lakini haliishi. Hata hivyo, mara sita ndani ya miaka kumi na minane si mchezo. Pesa za Ulaya zilisaidia, viwanda vilisaidia. Lakini pia bosi wa Sofia alijifunza kwamba mfanyakazi wake ana miguu. Ukimlipa vibaya, kesho yuko Munich. Mtu mwenye uwezo wa kuondoka anapandisha mshahara hata wa yule aliyeamua kubaki.

Na hiyo ndiyo hoja yangu yote. Uhuru wa kuondoka ndio mshahara. Kipande kilijua hivyo mwaka 1920. Visa ya kufungwa inajua hivyo leo.

Kwa hivyo siombi Ulaya ifungue kila mlango kesho asubuhi. Hawatafungua, na mimi si mtoto. Naomba vitu vitatu ambavyo haviongezi hata mgeni mmoja. Kwanza, aliyekubaliwa kuingia afungwe kwa kazi, sio kwa bosi. Kama ni mtunzaji wazee, awe huru kutunza wazee popote pale, bila kuomba ruhusa. Pili, ile sentensi ya kazi sawa malipo sawa ihesabu kila mtu, na bosi anayekata masaa ndiye aumie, sio mfanyakazi aliyelalamika. Tatu, ukimruhusu mama aje kutunza wazazi wako, usimzuie kutunza mtoto wake. Hii ya tatu hata haihitaji uchumi. Inahitaji aibu tu.

Na kwa wizara yetu hapa Nairobi: kabla ya kusaini mkataba mwingine, tafuteni hivyo vitu vitatu ndani yake. Kama havimo, msituletee picha za kusalimiana.

Sasa yule kijana. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, wengi mnajua, wengine hunitania hapa. Sijawahi kusema sababu. Pesa ya karo yangu ndio iliyomalizia deni la ejenti. Tulikubaliana nyumbani, mezani, mimi, mathe na dadangu: yeye aende kwanza, atulie, amvute kijana, halafu anirudishe shule. Kila mtu angengoja zamu yake. Tulipanga vizuri sana. Hatukujua kuna wizara huko mbali inabadilisha ngazi sisi tukiwa katikati. Mei 2025 wametangaza mpango wa kuongeza miaka ya kungoja makao ya kudumu, kutoka mitano hadi kumi. Piga hesabu ya umri wa mtoto.

Jumapili saa mbili usiku ndio simu huingia. Kijana sasa anajua kusoma. Wiki iliyopita aliuliza, "Anko, mama akisema pole kwa bosi, si atamruhusu akuje?" Anafikiri mamake amewekwa ndani kwa makosa.

Nilijaribu kumweleza. Nikaanza na Bulgaria, nikakwama. Nikamwambia alale.